Jeep ya DD Thaddée na Chujio Lililotolewa

Kila aliyesoma hapa mtaani kwetu Kasenga miaka hii ishirini anamjua Thaddée, DD wetu. DD ni mkuu wa nidhamu. Ndiye anayesimama kwenye lango la shule asubuhi na saa mkononi, akikamata wanaochelewa, akikagua kola na kucha na viatu visivyopakwa rangi. Mimi nafundisha hisabati shule hiyohiyo, na sijawahi kumwona akicheka kabla ya adhuhuri. Ni mtu mfupi mwenye shingo ndefu, na mfukoni mwa shati ana kalamu tatu ambazo hakuna aliyewahi kuziona zikiandika. Ya kuandikia majina ya wakosaji huiazima kwa mwanafunzi.

Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu mengine nitakayosema hayatamsaidia. Alikuwa tu mtu aliyezoea kwamba akisema "nyamaza", kitu kinanyamaza.

Jeep ilitoka Ubelgiji. Jean-Marie, mdogo wa mke wake, anaishi Liège, na alipobadilisha gari aliamua kumtumia dada yake Aline ile ya zamani. Aline ni muuguzi kwenye kituo kidogo cha afya hapo mtaani, na mama yao mzee anaishi kule Lubarika, kwenye bonde la Ruzizi. Jean-Marie alitaka dada yake aache kwenda kumtazama mama akiwa amebanwa juu ya pikipiki pamoja na gunia la mchele. Basi gari lilikuwa la Aline. Hata kwenye karatasi lilikuwa kwa jina lake. Ila siku ilipofika mpakani Kavimvira, Thaddée alikwenda kuipokea akiwa amevaa koti na tai, akachukua ufunguo, na tangu siku ile ufunguo ule haukulala mahali pengine isipokuwa kwenye mfuko wa suruali yake.

"Nitakufundisha kuendesha," alimwambia mke wake.

Hadi leo hajamfundisha.

Kutoka kwa Thaddée hadi shuleni, mtu akitembea na kikombe cha chai anafika chai ikiwa bado ya moto. Kwa jeep ilimchukua muda mrefu zaidi, maana kulikuwa na mashimo, pikipiki, mbuzi, na watu wa kusalimia. Alikuwa anashusha kioo, anatoa mkono, anauliza habari za nyumbani huku injini inanguruma. Akifika shuleni anaizima. Saa sita anaiwasha, anarudi kula. Saa nane anaiwasha tena. Jumapili anaipeleka kanisani, ambako ni karibu kuliko shuleni. Hata maji ya kunywa, ambayo watoto wa jirani wanayafuata kwa miguu, alikuwa anayafuata kwa jeep, bomba likiwa nyuma tu ya ukuta wa jirani.

Hivyo ndivyo ilivyoishi miezi minne. Lubarika haikuiona hata siku moja, kwa sababu Thaddée alisema barabara ya bondeni itaharibu magurudumu.

Mwezi wa tano ikawaka taa ya rangi ya chungwa mbele ya usukani. Thaddée aliitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyesema bila kuulizwa. Aliigonga kwa kidole. Haikuzimika. Akaifunika kwa kipande cha karatasi ya gundi kilichokatwa vizuri, na siku chache akawa na amani. Kisha jeep yenyewe ikakataa kwenda. Iliwaka, ndiyo, ila ukikanyaga mafuta inavuta pumzi kama mgonjwa, na pikipiki iliyobeba watu watatu na godoro inaipita.

Akaenda kwa Noella.

Noella ana garaji kando ya barabara kubwa. Ufundi aliurithi kwa baba yake, kisha akasomea Bujumbura miaka miwili, na magari ya mazutu, yaani ya dizeli, anayajua kama Aline anavyojua vikohozi. Alifungua boneti, akachomoa kile kijiti cha kupimia oil, akakinusa, akauliza:

"Papa Thaddée, hii gari inatembeaka wapi?"

"Popote," Thaddée alijibu.

"Popote ni wapi?"

"Nyumbani, shuleni. Kanisani."

Noella alipangusa mikono. "Basi ni vile. Sikia, Papa. Mu bomba ya moshi kuko filtre. Kazi yake ni kukamata masizi, ile moshi nyeusi isitoke inje. Ikijaa, moteur yenyewe inaunguza ile masizi, filtre inakuwa safi. Lakini ili iunguze, inaomba moto mingi, inaomba barabara ndefu. Weye unaizima mbele haijapata moto. Kila siku inaanza, kila siku unaikatiza. Sasa imejaa mpaka kwa shingo, na mazutu imeanza kuingia mu oil."

"Dawa yake?"

"Tunabadilisha oil. Kisha uende nayo Lubarika, mwendo moja, bila kusimama-simama. Urudi. Ufanye vile kila juma."

"Nikafanye nini Lubarika?"

"Hakuna. Uende tu, urudi." Noella akafikiri. "Ama umupeleke Mama Aline akaone mama yake."

Thaddée alisimulia baadaye, kwenye chumba cha walimu, kwamba yule mwanamke hajui kitu. Fundi gani anakuambia ugonjwa wa gari ni wewe? Fundi gani hafungui hata skrubu moja, anakutuma kutembea? Alikuwa amekwenda kutafuta mtu wa kulitia gari adabu, akapewa adhabu yeye.

Kwa hiyo akaenda kwa Pitchou.

Pitchou tulikuwa tunamwita Injinia, jina alilojipa mwenyewe na kulichapisha kwenye fulana. Hakuwa na garaji. Alikuwa na kivuli cha mabati nyuma ya ukumbi wa parokia, meza moja, mashine ya kuchomelea vyuma, na kompyuta ya mkononi yenye waya mrefu. Ule waya ndio uliomteka Thaddée. Pitchou aliuchomeka chini ya usukani, namba zikaanza kukimbia kwenye kioo cha kompyuta, naye akawa anazitazama huku anatikisa kichwa kwa huzuni, kama daktari anayesoma matokeo ya mtu wa ukoo mzuri.

"Chef," alisema, "hii moteur iko na nguvu, lakini Wazungu waliilalisha."

"Waliilalisha?"

"Waliifunga. Na ile filtre waliitia sababu ya hewa ya kwao. Kule hewa iko kidogo, watu iko mingi. Hapa kwetu hewa iko ya bure, kuko ziwa, kuko milima. Moshi itaenda wapi? Itapotea tu. Minye naitoa ile filtre, kisha naandika moteur upya mu ordinateur. Taa inazima. Nguvu inapanda. Mazutu inapunguka. Mutu akikuona, atasema: ile iko gari ya nani?"

Swali hilo la mwisho ndilo lililomaliza mambo.

Pitchou alikata bomba la moshi, akalipasua lile kopo nene la katikati, akalitoa jiwe lililokuwa ndani, ambalo ndilo chujio lenyewe. Lilikuwa la rangi ya majivu, lina vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki.

"Hii nikutupie?" aliuliza.

"Tupa," alisema Thaddée, na akageuza uso, maana liliacha unga mweusi na yeye alikuwa amevaa shati jeupe.

Kopo likarudishwa tupu, likachomelewa. Kompyuta ikaandika. Taa ya chungwa ikazimika. Na kweli, juma la kwanza jeep iliruka. Thaddée aliizungusha Kasenga nzima. Alifika mpaka Kalundu bila shughuli yoyote bandarini, na akifika kwenye lango la shule alikuwa anakanyaga mafuta mara mbili kabla ya kuzima, ili na sisi tusikie. Tulisikia.

Juma la pili tuliona.

Ulikuwa moshi mweusi, mzito, wenye vipande. Ulitoka nyuma ya jeep kama shuka inayokung'utwa, ukasimama barabarani, ukangoja watu waje waingie ndani yake. Mama mmoja aliyekuwa anauza mikate mbele ya shule alihamisha meza, kisha akahamisha tena, kisha akahama mtaa. Jumatatu, wakati wa kupandisha bendera, Thaddée alichelewa kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akaingia na jeep uwanjani wakati madarasa yote yamejipanga. Moshi ukapita mstari kwa mstari, kuanzia wadogo. Tulipoionja hewa tena, wimbo wa taifa ulikuwa umebaki kwa mkuu wa shule peke yake.

Wanafunzi wa darasa la sita waliiita jeep Chetezo, na kila ikipita walikuwa wanafanya ishara ya msalaba. Thaddée akaazima kalamu, akaandika majina. Kisha akatoa amri, ninayo nakala yake, inayokataza "kikohozi cha makusudi ndani ya eneo la shule". Watoto kumi na mmoja walifagia uwanja juma lile kwa kosa la kukohoa. Mmoja wao alikuwa na pumu, na DD alikuwa anamjua tangu akiwa mdogo. Alipoambiwa, alijibu kwamba pumu yenyewe inahitaji nidhamu.

Mkuu wa shule alimwomba, kwa upole, aegeshe jeep mahali pengine. Akaiegesha nyuma ya kituo cha afya, chini ya dirisha la chumba ambamo kina mama wanangoja na watoto wao wagonjwa. Siku ya tatu Aline alitoka nje na sare yake, akasimama mbele ya boneti.

"Baba Merdi," alisema, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "asubuhi minye natibu vikohozi. Weye unaniletea vingine?"

"Ni moshi kidogo. Moteur inajifunza."

"Inajifunza nini?"

Alikuwa anarudia maneno ya Pitchou, kwa hiyo hakujua. Alikuwa amerudi kwa Pitchou mara nne. Kila mara waya ulichomekwa, namba zikakimbia, na moshi ukabadilika: mara mweusi, mara kijivu, siku moja ukawa na rangi ya samawati ambayo Pitchou alisema ni dalili nzuri. Mazutu haikupunguka. Ilinywewa kama bia ya msibani. Pale Pitchou alipochomelea vibaya, moshi ulianza kuingia hata ndani ya gari, na Aline akapanda akiwa amejifunga kitambaa puani. Thaddée hakujifunga kitu. Aliendesha kichwa kikimuuma, macho mekundu, mkono nje ya dirisha, akisalimia watu waliokuwa wanakimbia.

Asubuhi moja Noella alimwona kwenye barabara kubwa, akamsimamisha.

"Papa, unasikia ile filimbi?"

"Filimbi gani?"

"Turbo inalia, ile ya kupuliza hewa mu moteur. Wameilazimisha inapuliza kupita nguvu yake. Ukae nayo hapa chini kwanza, nione. Usipande nayo mulima."

Thaddée alipandisha kioo.

Sasa, wakati huohuo, Merdi alikuwa amepata mchumba. Msichana anaitwa Vanessa, na kwao ni Rurambo, kule juu, kwa watu wa ng'ombe. Siku ya kwenda kujitambulisha kwa wakwe ikapangwa. Waliochaguliwa ni Thaddée, baba wa kijana na msemaji wa familia, Aline, na Muzee Eugène, kaka mkubwa wa Thaddée, mwenye miaka sabini na kitu, ambaye ujana wake wote aliendesha malori ya samaki mpaka Bukavu. Yaliyotokea safarini ni Muzee Eugène aliyenisimulia, na Aline aliyasikiliza yote bila kumsahihisha hata neno.

Thaddée alikuwa ameandaa hotuba ya Kifaransa. Aliijaribu chumba cha walimu majuma mawili. Watu wa familia walipendekeza wakodi gari lililozoea mlima, akakataa.

"Tutafika na ya kwetu," alisema. "Watu wa Rurambo wajue binti yao anaingia nyumba ya namna gani."

Bondeni walikwenda vizuri. Barabara ni tambarare, upepo ulikuwa unasukuma moshi kwenye mashamba ya mpunga, na waliokuwa humo walikuwa mbali mno kwa matusi yao kusikika. Walipoiacha tambarare na kuanza kupanda, ile filimbi ikawa kelele. Muzee Eugène, aliyekuwa amekaa nyuma na Aline, akasogea mbele.

"Mudogo wangu, simamisha. Ipumzike."

"Iko na nguvu, kaka. Utaona."

Mvua ilikuwa imechimba barabara. Kwenye kona ya nne, mlima ukiwa umesimama wima mbele yao na korongo upande wa kushoto, kitu kikakatika ndani ya injini kwa sauti ya kikombe kilichoanguka. Jeep ikapoteza mwendo. Thaddée alivuta breki ya mkono, akatoa gia. Na hapo, bila mtu kukanyaga chochote, injini ikaanza kupiga kelele yenyewe. Ilipanda, ikapanda, mpaka viti vikatetemeka. Moshi mweupe ukatoka nyuma, mwingi, mnene kama pamba, wenye vipande vya masizi, ukawafunika, ukajaza kona yote, ukaanza kupanda mlima.

Thaddée alizungusha ufunguo, akazima.

Injini haikuzimika.

Akauchomoa ufunguo kabisa, akaushika mbele ya macho yake, akautazama. Injini iliendelea kulia, kali zaidi. Maisha yake yote hakuna kitu kilichowahi kumkaidi namna ile, waziwazi, mbele ya watu. Akafungua mlango, akaruka, akapanda mbio mpaka kwenye jiwe kubwa lililo mbali kidogo, na kutoka pale, kwa sauti ile ile ya asubuhi uwanjani, akaamrisha:

"Tokeni! Tokeni wote! Kwa mustari!"

Muzee Eugène hakutoka. Alikuwa ameshaelewa. Turbo ilikuwa imepasuka, oil ilikuwa inaingia kwenye injini, na injini ya mazutu ikianza kunywa oil yake yenyewe haiombi ufunguo wa mtu. Inakwenda hivyo mpaka oil iishe au chuma kivunjike. Alimwambia Aline atie mawe nyuma ya magurudumu. Aline akashuka na gauni lake la sherehe, akapapasa ndani ya moshi, akapata jiwe la kwanza, akapata la pili. Yule mzee akapanda juu ya kiti, akapitisha mguu mmoja, akapitisha wa pili na gongo lake la kutembelea, akaangukia kwenye kiti cha dereva. Akakanyaga breki kwa uzito wake wote, akatia gia ya tano, akaachia klachi mara moja. Jeep ikaruka kama mbuzi aliyepigwa, ikatetemeka, ikafa.

Thaddée alikuwa bado juu ya jiwe, ufunguo mkononi.

"Kaka," aliita, "iko salama?"

Muzee Eugène anasema alitaka kumjibu, ila mbele ya Aline isingefaa.

Kule juu wakwe walikuwa wamekwisha kupanga viti. Waliona wingu kubwa linapanda kutoka kwenye kona, wakajua ni moto, na ule upande wa mlima ndio wanaolishia ng'ombe. Watu wapatao thelathini wakashuka mbio, wanaume na matawi mabichi ya kupigia moto, wanawake na madumu ya maji. Wa mbele kabisa alikuwa Josée, shangazi wa Vanessa, mama mnene mwenye sauti, aliyevua viatu vyake vya sherehe ili akimbie vizuri. Walifika kwenye kona wanahema, wakatafuta moto, wakakuta gari moja lililokufa, mzee amekaa kwenye usukani, mama aliyelowa jasho amekaa juu ya jiwe la gurudumu, na bwana mmoja mwenye tai anayeshuka taratibu kutoka mahali pa mbali, uso mweusi, macho mawili meupe.

Thaddée alikohoa, akanyoosha koti, akafungua kinywa kuanza Kifaransa chake.

"Ni weye baba ya kijana?" Josée alimkatiza.

"Ndiyo, Mama. Nina heshima..."

"Shemeki, tulisikia munakuja kuomba musichana. Hatukujua munakuja kutuunguzia majani ya ng'ombe."

Watu walicheka. Walijaribu kujizuia, maana hawa walikuwa wageni na shughuli ilikuwa ya heshima, ila mmoja alipiga tawi lake bichi chini, mwingine akasema maji aliyobeba ayamwagie nani, na basi. Aline mwenyewe alicheka mpaka akajishika ubavu. Mama mmoja alimpa dumu, akanawa uso. Thaddée naye alipewa maji, akanawa, ila masizi na oil haviogopi maji matupu, na alibaki na mistari mpaka jioni.

Walipanda kwa miguu. Huko juu Muzee Eugène ndiye aliyesema kwa niaba ya familia, kwa Kifuliiru cha kule kwao, polepole, bila karatasi, na mambo yakaenda vizuri kiasi kwamba watu walisahau ni nani aliyepaswa kusema. Thaddée aliwekewa kiti pembeni, karibu na ndama. Hakuna aliyemkosea adabu. Walimletea maziwa, wakamuuliza kama kichwa bado kinamuuma. Alisema hapana. Hotuba ilikuwa imekunjwa mfukoni, na mara mbili Aline alimwona anaigusa kwa nje, kama mtu anayejikagua kama hajaibiwa. Ndipo, Aline aliniambia, alipomhurumia kidogo.

Binti akakubaliwa. Josée akaongeza sharti moja: "Vanessa atashuka na pikipiki. Ile kitu isirudi kwetu."

Kesho yake jeep ilivutwa na lori lililokuwa linashuka na maharagwe, ikapita Kasenga nzima mchana kweupe, ikaingia kwa Noella. Noella alilala chini yake, akapiga lile kopo kwa nyundo. Likalia kama debe. Alilikata, akalielekeza juani, akamwita Thaddée aangalie upande mmoja. Upande wa pili alikuwa anamwona Noella.

"Ile jiwe ya ndani iko wapi?"

"Pitchou aliitupa."

Noella alicheka, na si mtu wa kucheka kazini. "Ile haitupwake, Papa. Iko na madini ya bei ndani. Watu wanaichukuaka ng'ambo, wanaisaga, wanatoa madini. Hakuna fundi anatupa ile."

Nilikuwapo Thaddée alipokwenda kwa Pitchou, maana aliniomba nimsindikize niwe shahidi. Pitchou hakukimbia. Alitutolea viti. Alikuwa na kompyuta mpya.

"Chef, nilikuuliza: nikutupie? Weye mwenyewe ulisema: tupa. Nilitupa."

"Ulitupa wapi?"

"Mbali," alisema Pitchou.

"Na ile programu ya kwanza, ya Wazungu? Irudishe."

"Ile sikuhifadhi. Ordinateur ilikuwa imejaa filamu."

"Basi uliyotia ni ya nini?"

"Iko ya gari ingine," Pitchou alisema, bila haya hata chembe. "Lakini ni za kabila moja."

Thaddée aliniangalia mimi shahidi wake. Mimi niliangalia ukumbi wa parokia.

Noella alipata turbo iliyokwishatumika, akaifunga, akachomelea bomba upya, akapunguza alichoweza kupunguza. Chujio hakulipata, na programu ya asili hakuwa nayo. Alimwambia wazi kwamba jeep itatembea, itatoa moshi, na siku moja itarudia yale yale. Thaddée akaamua kuiuza. Hakumuuliza Aline, ila sahihi ilikuwa lazima iwe yake, kwa kuwa jina kwenye karatasi ni lake.

Mnunuzi alikuwa Firmin, mwenye duka la vinywaji baridi jirani na shule, mtu aliyeitamani jeep ile tangu siku ilipotoka mpakani. Aliuvuta moshi wake miezi yote ile na mapenzi hayakupungua. Alikuja Jumamosi mchana. Thaddée alimkalisha sebuleni, akaanza kuisifu. Nguvu. Chuma cha Ubelgiji. Ikikimbia, mtu anauliza ni ya nani. Alikuwa anasema vizuri kuliko Pitchou.

Aline alileta chai, akaweka kikombe mbele ya mgeni, akakaa.

"Papa Firmin, mbele ya kuandika sahihi, ujue. Hii gari haina filtre. Ilitolewa. Programu yake haiko yake. Turbo ilipasuka Rurambo, karibu tufe. Hii ingine iko ya zamani, na Noella anasema nayo itakufa. Moshi umeuona weye mwenyewe."

Thaddée aliangalia dari. Firmin akakoroga chai yake muda mrefu.

"Mama," alisema mwishowe, akitabasamu kwa huruma, "filtre iko mambo ya Wazungu. Ile gari shida yake ilikuwa dereva."

Akaomba kalamu. Thaddée alimpa moja ya zile tatu. Haikuandika, wala ya pili. Aline akatoa yake ya kazini, akasaini, na Firmin akaondoka na jeep akipiga honi, watu wa mtaa wakifunga madirisha mmoja baada ya mwingine.

Walipobaki wawili, Thaddée alisimama mlangoni mpaka barabara ikaonekana tena.

"Ulitaka kuniharibia," alisema.

"Nilitaka tu kulala vizuri."

"Lakini amenunua."

"Amenunua, ndiyo. Nimeona." Aline akakusanya vikombe. "Kuko ndagala na bugali. Unakula sasa, ama unangoja?"

Alisema anakula sasa.